Mtaa wa Heshima ni Upi?

  

Nilikusudia kuandika makala juu ya haki za jirani, na hadithi zangu nilikuwa nimeshazikusanya. Nikaziweka kando. Kila nilipojaribu kuanza nilikumbuka kuwa mimi mwenyewe niliwahi kumchagulia mama yangu mpangaji, na namna nilivyomchagua. Basi acheni nianze na hilo.

Kwetu ni Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Wengi hapa chuoni hushangaa kusikia kuwa huko nako Kiswahili kinasemwa. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mashua zinavuka. Baba yangu, Allah amrehemu, alitoka Kilwa ya Kongo, mji ulio ufukweni upande wa pili. (Usiuchanganye na kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani upande wa Zambia, wala na Kilwa yenu ya pwani.) Mama ni mwenyeji, lugha yake ni Kibemba, alisilimu alipoolewa, na Kiswahili alijifunzia kwenye biashara ya samaki.

Nchelenge ina nyuso mbili. Kuna Boma, penye ofisi za serikali na nyumba za watumishi, miembe na nyua zilizofagiliwa. Na kuna Kashikishi, soko la samaki, mwendo wa baiskeli kutoka hapo. Kashikishi ndiko wanakoanikwa chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa wa Kigoma, wanaovuliwa usiku kwa taa. Harufu yake inaingia kwenye nguo na haitoki kwa sabuni moja. Mimi nilizaliwa kwenye harufu ile. Lakini mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, kila nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilijibu, "Nchelenge, pale Boma." Hakuna aliyekuwa akiijua Boma wala Kashikishi. Nilidanganya watu ambao uongo wenyewe haukuwa na maana yoyote kwao.

Na jambo la kushangaza ni kwamba fedha iko Kashikishi. Serikali hufunga uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na miezi hiyo kweli ni ya njaa. Ziwa likifunguliwa, mwanamke mwenye mtaji na kichwa cha biashara anaweza kupata kwa msimu kiasi ambacho karani wa Boma hakioni. Karani anakuja kumkopa. Hata hivyo karani ndiye "mtu wa maana", na mtaa wa karani ndio mtaa wa heshima. Kwa hiyo wanaosema kuwa heshima ya mtaa ni kipato tu hawajafika kwetu. Kipato kinahitaji kwanza kionekane kwa mtu ambaye macho yetu yamezoea kukiona kwake.

Mama alikusanya senti zake za chisense miaka tisa akajenga nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara iendayo Boma. Vigae sebuleni, bati la rangi, geti la chuma. Nyumba za safu ile ni za watu wa kati: mwalimu, nesi, mhasibu, fundi aliyebahatika. Mama hakutaka kuhamia. Alisema huko hatapata mtu wa kuzungumza naye. Alitaka kupangisha.

Wakaja wawili katika wiki moja. Wa kwanza alikuwa nesi, mwanamke wa Kikongo, Muislamu, mwenye mume na watoto watatu. Alikuwa amekimbia vita upande wa Pweto mwaka 2017, akapitia kambi ya mapito ya Kenani, akapelekwa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya yetu. Alipokuja kwa mama alikuwa na kibali na ajira katika shirika la misaada, mshahara unaingia benki kila mwezi. Wa pili alikuwa kijana wa Kihindi, Muislamu naye, ametokea Mansa kuja kwenye duka la ami yake. Kwetu Wahindi huitwa bamwenye, na sokoni ukilisikia neno hilo unafikiria duka na fedha kabla hujafikiria mtu.

Wote wawili walikubali kodi ileile, kwacha 1,500. Wote wanaswali. Mama akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma dini. Nimpe nani?"

Nilikuwa kantini, sahani mbele yangu. Sikuchukua hata dakika. Nikamwambia, "Mpe yule Muhindi, mama. Nyumba itapata jina."

Mama akampa, na akamwongezea kwacha 300 juu, kwa hoja kwamba mtu kama yule hatazihisi. Yule nesi akaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Siku alipoambiwa hivyo, ilikuwa bado haijachukuliwa.

Sitaki nimbebeshe mama lawama. Yeye alikuwa na hofu ambayo mimi sikuwa nayo. Aprili 2016 zilizuka fujo katika makomboni ya Lusaka, maduka ya Wanyarwanda yakavunjwa na kuporwa kwa sababu ya uvumi wa mauaji ya kishirikina, na watu wawili wakachomwa moto. Baadaye serikali ilieleza kuwa hao wawili walikuwa Wazambia. Mama mjane mwenye nyumba moja akikumbuka hayo, anaogopa kuweka mgeni. Mimi sikuogopa chochote. Mimi nilitaka jina.

Likizo iliyofuata nilifika nyumbani na kuukuta ukweli mwingine. Kijana yule hakuwa na duka. Alikuwa mwajiriwa wa ami yake, akilipwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Kodi ilikuwa imelala miezi miwili, na mama alikuwa akisubiri kwa subira ya ajabu. "Atalipa," alisema, "watu wa aina ile hawakosi." Nikamuuliza kama mpangaji angekuwa Mkongo angemsubiri miezi miwili. Alikuwa akigeuza chisense juani. Hakuinua kichwa. "Mkongo niliolewa naye," akasema. "Nawajua kusubiriwa kwao."

Tulicheka, lakini swali lilibaki palepale. Nesi mwenye mshahara wa uhakika tulimsoma kuwa maskini kwa sababu ya rangi yake, lugha yake na njia aliyojia. Kijana mwenye madeni tulimsoma kuwa tajiri kwa sababu ya ngozi na nywele. Tukaongeza dhuluma ya pili kwa kumtoza zaidi. Siku moja alinieleza kuwa mafundi humdai mara mbili, na jirani akifiwa yeye haambiwi, kwa kuwa watu wameamua kuwa mwenye hahitaji watu. "Hapa mimi ni tajiri," aliniambia, "kwa ami ni kibarua." Na wakati huohuo mwenye kiwanja cha jirani alikuwa ameshapandisha bei, akiwaambia wanunuzi kuwa mtaa huu sasa una Wahindi.

Ndugu zangu, tuisome Suratul Fajr kuanzia aya ya 15. Mwenyezi Mungu anatueleza desturi ya mwanadamu: akijaribiwa kwa kupewa heshima na neema, husema Mola wangu amenikirimu. Akijaribiwa kwa kubanwa riziki yake, husema Mola wangu amenidhalilisha. Tunaosoma Kiarabu tuangalie kitenzi. Ni kilekile mara mbili, ibtalaahu, amemjaribu. Mwenye geti la chuma yumo ndani ya mtihani, na anayelala chumba kimoja na watoto watatu nyuma ya soko yumo ndani ya mtihani. Karatasi za maswali tu ndizo zimetofautiana. Mwanadamu ndiye anayezigeuza kuwa matokeo.

Kisha linakuja neno moja zito, kallaa. Sivyo hata kidogo. Na baada ya hapo Qur'ani haikuingia katika kueleza heshima ya kweli ni ipi, kama tungetarajia. Inageuka na kutuambia kuwa sisi hatumkirimu yatima, wala hatuhimizani kumlisha maskini. Ile karama ambayo mtu alidhani anaisoma kwenye nyumba yake inarudishwa kwake kama kazi: tukrimuuna, mnakirimu au hamkirimu? Mzizi ni uleule. Mimi niliusoma mwaka wa kwanza, nikaufanyia mtihani na kupata alama nzuri, na ulipokuja kwa sura ya simu ya mama sikuutambua.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Sahl bin Sa'd (R.A.) kuwa mtu mmoja alipita mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akawauliza waliokuwapo wanamwonaje. Wakasema huyu akiposa anastahiki kuozwa, akiombea mtu anakubaliwa, akisema anasikilizwa. Akapita mwingine, fakiri miongoni mwa Waislamu, wakasema huyu akiposa hataozwa, akiombea hakubaliwi, akisema hasikilizwi. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa huyu wa pili ni bora kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa yule wa kwanza. Tazama maswahaba hawakuulizwa juu ya mali. Waliulizwa tu wanamwonaje, na mali ikajibu. Laiti wangeongeza kipimo cha nne, kuwa akiomba chumba hapewi, ningesema hadithi imesimama mlangoni kwetu.

Na ya rangi nayo ipo. Abu Dharr (R.A.), mtu wa zuhudi, alimtukana mtu kwa mama yake, na katika baadhi ya riwaya mtu huyo ni Bilal (R.A.) na tusi lenyewe lilikuwa juu ya weusi wa mama. Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa yeye ni mtu ambaye bado ana ujahilia ndani yake. Abu Dharr! Mtu ambaye hakuwa na tamaa ya mali hata kidogo. Maana yake unaweza ukawa umeshinda mtihani wa fedha na ukaanguka kwenye mtihani wa ngozi.

Sasa ujahilia huu wa mitaa tumeurithi wapi? Zambia wana maneno mawili. Mayadi ni mitaa ya nyumba zenye viwanja vipana, ambayo zama za ukoloni ilikuwa ya Wazungu. Komboni ni mitaa ya walio chini, na jina lake limetoka kwenye kambi za vibarua. Uhuru ulikuja mwaka 1964, na mwaka 1996 serikali ikaanza kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri. Watu walibadilika, maneno yakabaki. Kashikishi nimewahi kusikia mnunuzi mweusi mwenye gari akiitwa musungu, na yeye akafurahi.

Wenzangu wa Dar es Salaam msicheke. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ni maneno yenu. Waingereza waliligawa jiji katika kanda tatu, na kanuni zao hazikutaja rangi. Zilitaja aina ya majengo: kanda ya nyumba za Kizungu kama Oyster Bay, kanda ya biashara na makazi walikojaa Wahindi, na kanda ya nyumba za kienyeji kama Kariakoo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili kutenganisha. Rangi ilifichwa ndani ya bati, saruji na upana wa kiwanja. Leo hakuna afisa wa kikoloni anayetulinda tusivuke Mnazi Mmoja, lakini sisi wenyewe tunasema "kule ni uswazi" kwa sauti ya mtu aliyeziba pua. Hata neno letu la kumsifu mtu mwenye adabu, mstaarabu, chimbuko lake ni Uarabu. Lugha tamu, lakini nayo inatusengenya.

Na kabla hamjasema ni Wazungu tu, historia ya ziwa letu ina ushahidi juu yetu. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe Novemba 1867, alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara Muislamu aliyekuwa amekaa zaidi ya miaka kumi na kupitiwa na Mwata kadhaa. Livingstone alimweleza kuwa ni Mwarabu mweusi mwenye ndevu nyeupe pe. Nimeipenda sana habari hiyo, kwa sababu yule mzee aliishi chini ya mfalme wa Kiafrika, na ngozi yake na jina lake la kabila havikukaa kwenye sanduku moja. Lakini misafara ya pwani iliyofika kule haikubeba pembe na shaba peke yake. Ilibeba na watu. Wazee wa Luapula hawajasahau, na Muislamu anayehubiri usawa pwani ya Mweru lazima ajue kuwa wanaomsikiliza wanakumbuka.

Naomba sasa tuingie Madina, maana kule mtaa ulijadiliwa na Mtume mwenyewe. Banu Salima walikaa mbali na msikiti. Palipopatikana nafasi karibu na msikiti wakataka kuhama. Mtume (S.A.W.) akawaambia wabaki katika makazi yao, nyayo zao za kuja msikitini zinaandikwa. Na katika riwaya ya Anas (R.A.) imo sababu ambayo wengi tunaipita haraka: alichukia Madina iachwe tupu pembezoni. Hakutaka mji ambao wema wote wamejikusanya katikati, na pembezoni pamebaki kwa wasio na uwezo wa kuhama. Wakati huohuo katikati kabisa, ndani ya msikiti, walilala watu wa Suffa, wasio na nyumba wala mali. Ungeuliza wakati ule mtaa wa heshima ni upi, ungeoneshwa msikiti, na hapohapo ungemkuta mtu asiye na nguo ya pili.

Je, sisi hapa chuoni? Kila mwanzo wa mwaka katika makundi yetu ya simu yanapita matangazo ya vyumba, na Waislamu ndio wanaoyaandika: mtaa umetulia, watu wastaarabu, si uswahilini. Kila Ramadhani tunapeleka futari kwenye mitaa hiyohiyo isiyotajika, tunapiga picha na watoto, na kabla ya Isha tumerudi. Sisemi futari iachwe. Nasema hakuna hata mmoja wetu katika uongozi wa jumuiya anayepanga kule, ingawa kodi ni nusu na msikiti upo. Na tukiulizwa sababu tutasema usalama. Wengine ni kweli. Lakini tuulizane ni wangapi tuliuliza habari za wizi kabla ya kuukataa mtaa, na ni wangapi tuliukataa kwanza na kuutafutia wezi baadaye.

Katika ndoa ndiyo tusiseme. Nimemsikia ndugu mmoja, mwema kabisa, akimwelezea binti aliyependekezewa: ana dini, ana tabia, lakini kwao ni wapi vile... Akataja mtaa, akanyamaza, na sote tukaelewa. Nami nikatikisa kichwa pamoja nao, mimi mtoto wa Kashikishi.

Likizo iliyopita niliswali Maghrib Kashikishi, na aliyekuwa kulia kwangu alikuwa mume wa yule nesi. Wamepanga vyumba viwili nyuma ya soko, naye jioni anasomesha watoto Qur'ani kwenye kibaraza, wa Kikongo na wa kwetu pamoja. Aliponitambua aliniuliza masomo kwa Kiswahili cha baba yangu kabisa, akaniombea dua. Kisha akasema, "Umsalimie mama. Nyumba yake ni nzuri sana. Tulichelewa tu."

Sikumwambia kitu.

Wiki iliyopita mama amenipigia tena. Kijana anarudi Mansa mwisho wa mwezi. Alimaliza deni lake lote, na mama anasikitika kumpoteza kwa kuwa amemzoea. Akaniuliza kama mwanzo, "Sasa nimpe nani?" Nikamwambia amtafute yule nesi kabla ya mtu mwingine yeyote, kodi iwe kwacha 1,500 kama ilivyokuwa, kijana arudishiwe zile 300 za kila mwezi, na nesi aambiwe kuwa siku ile nyumba ilikuwa bado wazi.

Mama alikaa kimya, nikasikia watu wa soko nyuma yake. Ya nesi na kodi amekubali. Ya kijana amesema atahesabu. Hilo la mwisho, akasema, "utakuja kulisema mwenyewe."

Mitihani inaisha mwezi ujao. Niombeeni dua.

Wabillahi tawfiq.